Ng'ombe wa Mama Anande na Mlango wa Kota

Wadogo zangu mliochukua spana zangu pale Kota za Mipera, kabla hatujaanza naomba shikamoo yangu. Najua tumepishana miaka kidogo, na mmoja wenu ana ndevu kunizidi. Lakini mimi ni mstaafu, na mstaafu anaamkiwa. Haya, marahaba.

Watu wananicheka. "Aisee, unastaafuje na meno yote mdomoni?" Nawaambia aliyestaafu ni mgongo, mimi nimeufuata tu, maana tumezoeana. Ukilala chini ya masinki ya watu toka umalize darasa la saba, ukaingia kwenye dari ambazo hata paka anafikiria mara mbili, mgongo unafika mahali unakuambia: bwana, nenda peke yako. Sasa hivi nauza mtori pale Himo, nimekaa kwenye kiti chenye mto. Ila jana mmoja wenu alinipigia simu kuuliza kwa nini nyumba moja pale Mipera ina mlango wa uani mpana kuliko zote, na je, aurudishe kama wenzake. Nikaacha mwiko kwenye sufuria. Mwanangu, usiuguse ule mlango! Kaa, nikusimulie.

Kwanza mjue mnafanya kazi wapi. Kota zile zilijengwa kwa hela ya umma, kwa ajili ya watu wa kazi wa mji huu: wafagia barabara, watu wa maji, makarani, wakata majani. Wakati ule mimi sijazaliwa, na baba yangu alikuwa bado anakimbia na chupi. Walijenga safu kwa safu, tofali nene, bati juu, milango yote kipimo kimoja, na bomba moja la nje kwa nyumba kadhaa. Hapo kwenye bomba ndipo ndoa za Mipera zilipofungwa, na ndipo zilipovunjwa. Baadaye maji yakaingizwa ndani ya nyumba, watu wakafurahi, halafu wakaanza kulalamika kwamba hawajui tena habari za jirani.

Sasa, waliopewa zile nyumba wengi walishuka kutoka mlimani. Mtu wa mlimani ukimpa nyumba isiyo na kihamba, yaani isiyo na shamba lake la migomba pembeni, ni kama umempa shati lisilo na mikono. Wakaanza kujitengenezea. Mmoja mgomba nyuma ya choo, mwingine magimbi kwenye mfereji, na kila mtu akazungusha masale kuonyesha uani kwake kunaishia wapi. Masale si mnayajua, ile mimea ya majani marefu ya kijani. Ndiyo fensi yetu toka enzi, na ina kazi nyingine nitakayoifikia.

Hiyo migomba ndiyo imenilisha mimi. Mizizi yake ikipata ufa kwenye bomba la maji machafu inaingia inajaa humo kama ukoo kwenye harusi. Choo kikiziba Mipera, msihangaike kwenda chooni. Nendeni mkamtafute mgomba ulionenepa kuliko wenzake. Mkosaji ni huyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Temu. Mzee mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka, mfukoni ana katani muda wote. Siku hizi mnaunganisha mabomba ya plastiki kwa kuyachoma na pasi yake, dakika mbili mmemaliza, mnapiga picha. Zamani lilikuwa bomba la chuma. Unazungusha katani kwenye nyuzi zake, unapaka rangi, unakaza huku unasali. Washa ya koki, kile kipira cha ndani cha kuzuia maji, ikiisha, Mzee Temu anaangalia miguuni kwa mwenye nyumba. Kama amevaa ndala, koki imepona. Anakata kipande kidogo kisiginoni, anapachika, maji yanakatika. Mipera nzima ilikuwa na ndala zenye matundu na koki zisizovuja.

Na alikuwa na sheria moja: usishike bomba kabla hujakaa na kunywa chai. Mimi nikaona ni uvivu. Siku moja nikaingia nyumba fulani nikajifanya mtu wa kasi, chai sikutaka, nikaunganisha mabomba kwa akili yangu. Jioni jirani, mwalimu wa kwaya, ameingia kuoga, anapanda sauti ya juu kabisa, nyumba ya pili wakavuta maji ya choo. Yale maji ya kuvutia yakaenda kutokea kwenye bomba lake la kuogea, kwa nguvu, ya baridi kama yametoka kwenye barafu ya Kibo. Ile noti aliyoipiga pale haijapigwa tena na kwaya yoyote usharikani. Mzee Temu akaniuliza, "Ungekunywa chai, ungeambiwa nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Ungeambiwa hilo bomba ni la jirani, we mtoto."

Kuna mwaka alikuja mzungu mmoja, mzee, kapanda mlima goti likamkatalia njiani, akabaki mjini anazurura. Akafika Mipera akawa anapiga picha mifereji yetu ya bati. Kijana aliyekuwa anamtembeza akatuambia huyu kwao Ulaya alikuwa mjenzi wa nyumba za manispaa, na anatuona sisi ni ndugu zake. Akatuonyesha kwenye simu: majengo marefu mekundu, mti katikati, chumba cha kufulia cha watu wote, na akasema mji wenyewe ndio ulijenga, mfagia barabara anakaa humo na mpiga piano anakaa humo. Mzee Temu akaitazama ile picha muda mrefu. Akamwambia yule kijana, "Hebu muulize, ng'ombe analala ghorofa ya ngapi?"

Mzungu alicheka mpaka akashika goti. Mzee Temu hakucheka. Yeye alikuwa anauliza kweli.

Hapo ndipo anapoingia Mama Anande.

Mama Anande alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa mfagia barabara, na mama akaachiwa nyumba aendelee kukaa, mradi afuate masharti. Masharti yenyewe yalikuwa mepesi, na lile kubwa kila mpangaji alilijua kwa kichwa: hakuna mfugo ndani ya nyumba. Ukifuga ndani, unatoka. Na watu walikuwa wanatoka kweli. Jirani wa upande wa pili alitolewa kwa sababu ya mbuzi, na walikuwa mbuzi wapole.

Sasa huyu mama alikuwa na ndama wake mlimani, shemeji yake akaanza kumwangalia yule ndama kwa macho ya nyama ya harusi. Mama akapanda juu, akashuka na ndama amefunikwa kanga, kampakata kama mjukuu. Akamweka chumba cha nyuma, kile chenye mlango wake wa kutokea uani. "Kwa muda tu," alisema. Na si kwamba aliona ajabu. Kwetu juu wazee walilala nyumba moja na ng'ombe, moto katikati, watu huku, ng'ombe kule. Kwake yeye ng'ombe kulala nje ndio uhuni.

Ndama akapewa jina Malkia. Malkia akala majani ya migomba ya Mipera nzima, akanywa maji ya bomba. Kisha akaja bwana mifugo na kile kichupa chake cha baridi cha kupandishia, majirani wakamwambia kila aliyeuliza kwamba ni daktari kaja kumchoma mama sindano ya presha. Malkia akashika mimba. Akapanuka. Akazidi kupanuka. Na mlango ukabaki vilevile, kipimo cha halmashauri.

Msidhani ilikuwa siri. Safu nzima ilijua. Nyumba ya kushoto walikuwa wanaleta maganda ya ndizi, nyumba ya kulia walikuwa wanachukua samadi ya mchicha, na kila mtu alikuwa amekaa anasubiri maziwa. Ilikuwa siri ya watu wote isipokuwa afisa nyumba.

Asubuhi moja ndiyo jirani yake, Mama Glory, akaja mbio na upawa mkononi. "Fundi! Mzee Temu! Njooni, njooni! Yule afisa mpya anakagua, yuko safu ya kwanza!"

Tukamkuta Mama Anande amekaa kwenye kigoda, kamshika Malkia shingo.

"Mtoeni," akasema. "Mpelekeni hata kwa Mama Glory, mpelekeni kanisani, popote. Mimi nikitolewa hapa naenda wapi? Kule juu kihamba kimegawanywa mpaka kila mtu amebaki na mgomba mmoja na ugomvi. Sina pengine, wanangu."

Mzee Temu akatoa futi. Akapima mlango. Akapima ng'ombe. Akavua kofia.

"Mae," akasema taratibu, ndiyo "mama wee" ya kwetu. "Huyu ameshakuwa sehemu ya jengo."

Tukang'oa mlango wenyewe kwenye bawaba, tukapata upana wa kidole gumba. Nikasema tupake mafuta. Mama Anande akaleta mafuta ya kupikia huku analalamika, "Jamani si yote, jioni nakaanga ndizi!" Tukampaka mbavu. Tukaongeza sabuni ya mche. Malkia akawa anang'aa kama bibi harusi. Mzee Temu akatoka nje kuvuta kamba, mimi nikabaki ndani kusukuma nyuma. Kumbukeni hilo, wadogo zangu: kazi ya kuvuta na kazi ya kusukuma zikigawanywa, ulizeni kwanza nani anakaa upande wa mkia.

Kichwa kikatoka. Shingo ikatoka. Miguu ya mbele ikatoka. Tumbo likafika kwenye fremu, likasema basi. Mbele haendi, nyuma harudi. Nusu ya Malkia iko uani, nusu iko ndani na mimi. Na ile ya ndani ilikuwa imepata hofu, mkielewa hofu ya ng'ombe inatokea wapi.

Kuna kidirisha chenye nondo, nikachungulia. Ndipo nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Malkia akaitika. Moooo.

Afisa Masanja alikuwa mtu wa Usukumani, kahamishiwa kwetu juzijuzi, mrefu, shati jeupe, tai nyekundu. Alikuwa anazunguka na uani ili aone mifereji. Akakata kona akakutana uso kwa uso na Malkia ametokeza mlangoni kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Wakaangaliana.

"Mama," akasema, "huyu nani?"

Mama Anande akajifuta mikono ya mafuta. "Ni mgeni, mwanangu."

"Mgeni. Ametokea wapi?"

"Kirua."

"Amefika lini?"

"Leo."

"Mbona nusu yake bado iko ndani?"

Mama akamwangalia Malkia, akaangalia mlango. "Ndio anaaga."

Mama Glory akaanguka kwenye majani kwa kicheko, akajifanya anatafuta hereni. Watu walishajaa, safu nzima, na watoto juu ya tangi. Lakini afisa hakucheka. Akasogea, akazigusa zile mbavu zenye sabuni, akainama akaangalia tumbo, na nikaona uso wake unalainika kidogo. Msukuma na ng'ombe, tena ng'ombe wa mimba. Akajikaza, akanyoosha tai.

"Mama, huyu ni ng'ombe mzuri sana. Lakini nyumba hii ni ya umma, na sharti unalijua. Mfugo ndani ya nyumba, mpangaji anatoka. Sikuliandika mimi."

Mama Anande hakulia, hakubishana. Akaenda kwenye ua wake, akavunja isale moja refu, akarudi, akapiga goti, akampa yule afisa kwa mikono miwili.

Nyie vijana wa siku hizi isale mnalitumia kupiga picha tu. Kwetu ukimkosea mtu kosa lolote, hata kubwa vipi, ukamletea isale, umemwomba msamaha ambao haukataliwi. Watu wameachiana mashamba kwa isale. Watu wamesameheana damu. Kila mtu pale alivuta pumzi akabaki nayo. Hata mimi kule nyuma, pamoja na kwamba pumzi ya kule haikuwa ya kuvuta.

Lakini Masanja wa watu atajuaje? Kwao hakuna hayo. Akalipokea vizuri, kwa heshima, akasema, "Ahsante mama." Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akamwangalia Malkia.

"Anakula hili?" akauliza. Na akamnyooshea.

"Maeee!" Mipera yote ikapiga kelele.

Malkia alikuwa hajala toka asubuhi. Akatoa ulimi ule mrefu, ukapita juu ya isale ukaenda kwenye tai nyekundu. Masanja akaruka nyuma. Malkia akamfuata. Isale liko mkononi, mkono unarudi nyuma, ng'ombe anaufuata huo mkono kwa nguvu zake zote, mimi nasukuma, mafuta yanafanya kazi, sabuni inafanya kazi, nikasikia kitu kinasema kraaa! Malkia akatoka. Akatoka na fremu. Fremu nzima ya mlango, ameivaa kiunoni kama mkanda, akasimama katikati ya uani, akalitafuna lile isale mpaka likaisha.

Mimi nilikuwa naegemea kitu ambacho ghafla hakipo. Nilianguka kifudifudi kwenye ile hofu niliyowaambia.

"Limeliwa," akanong'ona bibi mmoja. "Isale limeliwa."

"Kwani nimefanya nini?" Masanja akauliza, anafuta mate kwenye tai.

Mzee Temu akasogea, kofia mkononi, akamweleza isale ni nini. Taratibu, kama anavyoeleza bomba. Afisa akasikiliza. Kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, hayo nayaheshimu. Ila mimi sijalipokea hilo isale. Amelila ng'ombe."

"Lilitoka mkononi kwa mama likaingia mkononi kwa nani?"

"Kwangu."

"Ulisema nini ulipolishika?"

"Nilisema ahsante."

"Basi umepokea, baba. Halafu kwa mkono wako huohuo umemlisha mkosaji mwenyewe. Mimi nimezaliwa huku, nimezeekea huku, na sijawahi kuona msamaha ulioshiba namna hii."

Masanja akamwangalia Malkia na fremu yake kiunoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka, bwana. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, na ukuta ulikuwa na mafuta, akateleza. Watoto kwenye tangi wakapiga makofi.

Alipomaliza akajipangusa, akaja kwenye lile tundu lililokuwa mlango, akachungulia ndani.

"Humu ndani kuna ng'ombe?"

Nikainuka. Sina sehemu safi. "Hakuna, afisa. Niko mimi tu."

"Nimekuja kukagua, na ninasema ninachokiona," akatangaza kwa watu wote. "Chumba hakina ng'ombe. Kina fundi mchafu. Sharti halikatazi fundi mchafu." Akamgeukia Mama Anande, ambaye alikuwa bado amepiga goti hajui ainuke au abaki. "Inuka mama. Nyumba ni yako. Lakini huyu harudi humu. Mjengewe banda kule mwisho wa uani, leo, kabla jua halijazama, maana namwona anazaa muda wowote. Na majirani wasiponiambia wamekubali, natengua."

"Tumekubali!" wakajibu, hata waliokuwa hawajaulizwa.

"Aika, mwanangu," Mama Anande akasema, ndiyo asante ya kwetu, na hapo ndipo akalia.

Banda tulilijenga siku ileile, Masanja mwenyewe kakunja mikono ya shati, anatukosoa. Mama Anande alikaanga ndizi na mafuta yaliyobaki chupani, na sitaki kujua kama ni ile chupa tuliyoingizia mikono. Malkia akazaa jike, wakamwita Afisa. Masanja aliposikia alinuna siku moja tu, kisha akawa anakuja kukagua mifereji ya Mipera mara nyingi kuliko mifereji inavyohitaji, na birika mkononi.

Mlango nikaambiwa niutengeneze mimi. Fremu ya zamani ilikuwa imepasuka, nikaunda nyingine. Nikapima Malkia kwanza, nikaongeza kiganja kila upande. Mzee Temu akauliza kwa nini upana wote huo na ng'ombe ameshahamia nje. Nikamjibu, mzee, huyu mama namjua, na kusukuma sisukumi tena. Alicheka, akanipa katani yake. Ndiyo ile iliyo kwenye sanduku mlilolikuta. Msiitupe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi uliopita nilipita Mipera kumwamkia Mama Anande. Masanja kashahamishwa, ameenda na mtungi wa siagi. Banda nikalikuta limefagiliwa, kavu, halina hata jani. Afisa kashakuwa mkubwa, mpana kama mama yake. Nikauliza, "Mama, siku hizi Malkia na Afisa wanalala wapi?"

Mama Anande akaangalia juu kwenye mlima. Akaangalia chini kwenye viatu vyangu. Kisha akaniambia kwa sauti ya upole, "Fundi, mvua ilikuwa nyingi. Na ule mlango si uliupima mwenyewe?"

Kwa hiyo, mdogo wangu, mlango uache kama ulivyo. Afisa nyumba mpya sijui ametokea mkoa gani wala anajua nini. Ila lile isale la kona ya uani limechipua tena pale lilipovunjwa. Mkifyeka majani, hilo msiliguse.